Kukusanya Miongozo ya Kale ya Miji ya Italia Yenye Picha: Mwongozo Kamili

Asubuhi ya tarehe 14 Julai 1902, mnara wa kengele wa Mtakatifu Marko mjini Venezia, uliokuwa umesimama kwa karne nyingi, uliporomoka wote na kubaki chungu ya matofali uwanjani. Wenyeji waliujenga upya mahali pale pale na kwa sura ile ile, ukazinduliwa tarehe 25 Aprili 1912. Kwa hiyo mtu mwenye mwongozo wa wasafiri wa Venezia uliochapwa mwaka 1900, mwingine wa mwaka 1905 na wa tatu wa mwaka 1913 ana miji mitatu kwenye rafu moja: mji wenye mnara wa zamani, mji wenye pengo, na mji wenye mnara mpya.

Hiyo ndiyo thamani ya vitabu hivi, na ndiyo sababu ninavipenda kuliko vitabu vya historia vilivyoandikwa baadaye. Mwandishi wa historia anajua yaliyotokea. Mwandishi wa mwongozo hakujua, kwa kuwa alimwandikia mtu atakayeshuka kituoni kesho, akamweleza abishe mlango upi, ufunguo wa kanisa yuko nao nani, na saa ngapi mwanga unaangukia vizuri picha ya altareni. Mkusanyaji anayelielewa jambo hilo ataongozwa na mambo mawili katika kila ununuzi: mwaka wa toleo, na ukamilifu wa picha na ramani zake. Mengine yote, yakiwemo uzuri wa jalada na sifa ya mchapishaji, yanakuja nyuma ya hayo.

Hatua ya kwanza: chagua mji kabla ya kuchagua kitabu

Kosa linalowapoteza wengi mwanzoni ni kununua kila kitabu cha kale kinachotaja Italia. Baada ya mwaka mmoja wanakuwa na vitabu thelathini visivyozungumza kimoja na kingine. Chagua mji mmoja, au tukio moja lililoubadilisha mji, kisha utafute miongozo ya kabla na ya baada yake.

Matukio hayo ni mengi. Mjini Firenze, mtaa wa soko la kale, Mercato Vecchio, ulibomolewa kati ya miaka ya 1885 na 1895 ili kupata uwanja unaoitwa leo Piazza della Repubblica. Napoli ilipigwa na kipindupindu mwaka 1884, na baada ya hapo mitaa mizima iliyosongamana ikavunjwa ili kupitisha barabara pana. Roma ilifunguliwa barabara ya Via dell'Impero mwaka 1932 juu ya nyumba zilizokuwa zimejengwa katikati ya magofu ya kale, na kuanzia mwaka 1936 nyumba zilizokuwa mbele ya Kanisa la Mtakatifu Petro zilibomolewa kwa ajili ya Via della Conciliazione, iliyokamilika mwaka 1950. Kisha ikaja vita. Tarehe 11 Machi 1944 mabomu yaliliangukia kanisa la Eremitani mjini Padova na kuvunja vipande vipande sehemu kubwa ya michoro ya ukutani ya Andrea Mantegna. Tarehe 27 Julai mwaka huo huo Camposanto, yaani makaburi ya kale ya Pisa, ilishika moto. Na mwanzoni mwa Agosti jeshi la Kijerumani lililokuwa likirudi nyuma lililipua madaraja ya Firenze, likaliacha Ponte Vecchio peke yake.

Ukiniuliza, ningemshauri anayeanza achague mji wa kadiri, kama Padova, Siena, Lucca, Bologna au Perugia, na aiache Roma kwanza. Miongozo ya Roma ni bahari. Mjerumani Ludwig Schudt aliiorodhesha mwaka 1930 katika kitabu kizima, nacho mpaka leo hutajwa na wauzaji wanapoeleza toleo fulani. Mji mdogo una miongozo michache, kwa hiyo unaweza kuijua yote, na katika ukusanyaji ujuzi wa eneo dogo una nguvu kuliko fedha nyingi.

Hatua ya pili: vijue vizazi vya miongozo

Kizazi cha kwanza ni cha mahujaji. Tangu karne ya 12 palikuwa na maandiko yaliyoeleza maajabu ya Roma, na uchapaji ulipofika Italia yakageuka vijitabu vidogo vya kutiwa mfukoni. Toleo la mwaka 1588 la *Le cose maravigliose dell'alma città di Roma*, lililochapwa na Girolamo Francini mjini Venezia, ni maarufu kwa michoro yake ya mabamba ya mbao inayoonyesha makanisa na mambo ya kale. Vitabu hivi vilitumika mpaka vikachakaa, na nakala kamili ni adimu na ghali. Visome kwanza katika maktaba za kidijitali, na usiwe na haraka ya kuvinunua.

Kizazi cha pili kilimhudumia mgeni mwenye elimu na fedha. Francesco Sansovino aliieleza Venezia mwaka 1581, na Francesco Bocchi akaieleza Firenze mwaka 1591 kwa kumpitisha msomaji mtaa kwa mtaa. Mjini Napoli, Pompeo Sarnelli alitoa mwongozo wa wageni mwaka 1685 wenye michoro ya bamba la shaba, kitabu kidogo kilichochapwa tena na tena katika karne iliyofuata. Mjini Venezia mchapishaji Giambattista Albrizzi alitoa *Forestiero illuminato* mwaka 1740, kilichojaa picha za makanisa na majumba ya fahari. Mjini Roma mchoraji Giuseppe Vasi, baada ya kumaliza juzuu kumi za picha za mji kati ya mwaka 1747 na 1761, alitoa mwaka 1763 kitabu kidogo kilichomgawia mgeni Roma yote kwa siku nane. Giovanni Battista Piranesi, aliyekaa kwa muda mfupi katika karakana ya Vasi alipokuwa kijana, alichora pia mandhari ndogo za Roma ambazo wachapishaji walizitia katika miongozo. Jina lake ndilo linalofanya vitabu hivyo vichanwe na picha zake kuuzwa moja moja, jambo nitakalolirudia.

Kizazi cha tatu ni cha reli. John Murray wa London alitoa mwongozo wa Italia ya Kaskazini mwaka 1842, wa Italia ya Kati mwaka 1843 na wa Italia ya Kusini mwaka 1853. Kampuni ya Karl Baedeker, iliyoanzia Koblenz na kuhamia Leipzig mwaka 1872, ikafuata kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, kwa majalada yake mekundu na nyota zake za kuonyesha kisichopaswa kukosa kuonwa. Hapa picha ni chache. Utajiri uko katika ramani na michoro ya mipango ya miji, makanisa na majumba ya makumbusho. Usiidharau ramani ya Baedeker kwa kuwa si mandhari. Ramani yake ya Firenze ya kabla ya ubomoaji inakupa majina ya vichochoro ambavyo havipo tena duniani.

Kizazi cha nne, cha takriban miaka ya 1898 hadi 1914, ndicho ninachomshauri anayeanza akishike. Kampuni ya J. M. Dent ya London ilianzisha mfululizo wa miji ya zama za kati: Perugia ilitoka mwaka 1898, Assisi na Firenze mwaka 1900, Siena mwaka 1902, Venezia mwaka 1905, Padova mwaka 1910 na Lucca mwaka 1912. Ni vitabu vidogo vya kubeba mkononi, na michoro mingi ya kalamu ilifanywa na wanawake wawili, Nelly Erichsen na Helen M. James, waliochora milango, visima na ngazi za mawe kwa utulivu wa mtu aliyekaa hapo kutwa. Toleo la Padova la mwaka 1910 lina maelezo ya kazi ya Mantegna yaliyoandikwa na mtu aliyesimama mbele yake, miaka 34 kabla ya bomu. Katika muda huo huo kampuni ya A. & C. Black ilitoa vitabu vikubwa vya picha za rangi, kikiwemo cha Venezia cha Mortimer Menpes mwaka 1904 na cha Roma kilichochorwa na Alberto Pisa mwaka 1905. Waitaliano wenyewe hawakukaa kimya: mjini Bergamo ulianza mwaka 1902 mfululizo wa *Italia Artistica* chini ya Corrado Ricci, ukifunguliwa na mji wa Ravenna, na kurasa zake zimejaa picha za kamera ambazo leo ni hazina kwa warejeshaji wa majengo. Vitabu vya kizazi hiki bado hupatikana kwa makumi ya euro, ilhali vile vya karne ya 18 vilivyo kamili huhesabiwa kwa mamia na kuendelea.

Baada ya hapo kuna miongozo myekundu ya Touring Club Italiano, chama kilichoundwa Milano mwaka 1894. Luigi Vittorio Bertarelli aliianzisha mwaka 1914. Msomaji wa Kiswahili atapenda kujua kwamba chama hicho, kikiwa kimebadilishwa jina na serikali ya Mussolini, kilitoa mwaka 1938 mwongozo wa Afrika Mashariki iliyokuwa chini ya Italia, na humo imo Somalia na mji wa Mogadishu. Si mji wa Italia, na ni kitabu cha watawala, lakini kinaonyesha jinsi mtindo ule ule wa kueleza Siena ulivyotumiwa kuueleza mwambao wetu.

Hatua ya tatu: jifunze kuitambua picha kwa lenzi

Nunua lenzi ya kukuza mara kumi. Bila hiyo utategemea maneno ya muuzaji.

Mchoro wa bamba la mbao umechapwa pamoja na maandishi kwenye ukurasa mmoja, mistari yake ni minene, na mara nyingine nyuma ya karatasi unaweza kuhisi kwa kidole jinsi ilivyosukumwa. Mchoro wa bamba la shaba ni kinyume chake: wino umekaa juu ya karatasi kama uzi mwembamba ulioinuka, na kuzunguka picha pana alama ya kubonyea ya mstatili, ambayo ni ukingo wa bamba lenyewe. Alama hiyo isipokuwepo, ama karatasi imekatwa, ama picha si ya shaba. Shaba huchakaa upesi, kwa hiyo picha za mwanzo ni nyeusi na za kina, na za mwisho zimefifia kama moshi. Nakala mbili za toleo moja zinaweza kutofautiana sana kwa sababu hiyo tu. Kuanzia miaka ya 1820 chuma cha pua kilitumika badala ya shaba, nacho huvumilia nakala nyingi zaidi, ila mistari yake huwa ya kijivu na baridi. Picha ya mawe, yaani iliyochapwa kutoka juu ya jiwe kwa ufundi uliobuniwa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18, haina alama ya bamba, na chini ya lenzi inaonekana kama chembechembe za kalamu ya nta. Ukiona vitone vilivyopangwa kwa safu, hiyo ni picha ya kamera iliyochapwa kwa mashine, na haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1880. Picha za rangi za A. & C. Black zina vitone vya rangi tatu vilivyopishana.

Jambo hili la vitone ndilo litakalokuokoa usiuziwe nakala ya kisasa kwa bei ya asili. Miongozo mingi ya karne ya 16 hadi 18 imechapwa upya katika karne ya 20 kwa kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Waitaliano huiita "ristampa anastatica", na ni vitabu halali na vizuri kwa kusomea. Lakini jalada lake likivuliwa na kuvalishwa ngozi kuukuu, macho matupu hudanganyika kwa urahisi.

Hatua ya nne: hesabu kila kitu kabla ya kulipa

Hapa ndipo ningekuomba usome polepole. Kitabu cha mwongozo huumia kwa njia mbili ambazo riwaya haiumii. Kwanza, mwenyewe alikitumia: aliifungua ramani katika upepo wa uwanjani, ikachanika kwenye mikunjo, hatimaye ikabaki hotelini. Pili, wafanyabiashara wa picha walikivunja, kwa sababu mandhari ishirini zilizotiwa fremu huleta fedha kuliko kitabu kizima. Matokeo yake ni vitabu vyenye maandishi kamili na picha pungufu, vikiuzwa kwa maelezo kwamba "hali ni nzuri".

Anza kwa ukurasa wa anwani, yaani ule wenye jina la kitabu na mchapishaji. Baedeker hutaja hapo hapo idadi ya ramani na mipango ya miji iliyomo, na orodha kamili hufuata baada ya yaliyomo. Zihesabu moja moja huku ukizikunjua. Vitabu vya Dent na vya A. & C. Black vina orodha ya picha mwanzoni. Kwa vitabu vya zamani zaidi ambavyo havina orodha, tafuta nakala ya kidijitali ya toleo hilo hilo, kwa mfano katika Internet Archive, au maelezo yake katika katalogi ya pamoja ya maktaba za Italia iitwayo SBN, kisha linganisha.

Kagua kurasa zenyewe. Katika vitabu vya kale, chini ya kila ukurasa limechapwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili mjalidi asipoteze mpangilio. Neno hilo lisipolingana na la ukurasa wa pili, kuna karatasi iliyokosekana. Vilevile kila kunjo la karatasi lina herufi yake, A, B, C, na pengo katika herufi hizo ni pengo katika kitabu. Tazama kwenye mshono: kishina chembamba cha karatasi kilichokatwa kwa wembe kinaonyesha picha ilitolewa. Na tazama kurasa zisizo na picha: wino wa shaba, kwa muda wa miaka mingi, huacha kivuli hafifu kwenye ukurasa ulioelekeana nao, kwa hiyo kivuli cha mnara bila mnara ni ushahidi tosha.

Mwongozo wangu wa kwanza wa Napoli niliununua kwa njia ya mtandao kutoka kwa muuzaji aliyetuma picha kumi na mbili za jalada, mgongo na mandhari. Sikuomba picha ya kurasa za mwisho. Kitabu kilipofika, mfuko wa ramani ulikuwepo na ramani haikuwepo, na kwa kuwa maelezo ya muuzaji hayakutaja ramani popote, sikuwa na dai. Tangu siku hiyo huandika swali moja kabla ya kulipa, tena kwa maandishi: "Je, picha na ramani zote zilizotajwa katika kitabu zimo, na ni ngapi?" Muuzaji mwaminifu hulijibu kwa furaha.

Hatua ya tano: hakikisha mwaka

Miaka mara nyingi imeandikwa kwa tarakimu za Kirumi, MDCLXXXV kwa 1685 na MDCCLXIII kwa 1763, na kosa la herufi moja hukupotosha kwa nusu karne. Venezia ya kale ina mtego wake: mpaka jamhuri ilipoanguka mwaka 1797, mwaka wake ulianza tarehe 1 Machi, hivyo idhini ya kuchapa iliyotolewa Februari 1739 kwa hesabu yao ni Februari 1740 kwa yetu. Vitabu vya enzi ya Mussolini huongeza tarakimu nyingine zinazohesabu miaka tangu Oktoba 1922. Namba XVI, kwa mfano, ni kati ya Oktoba 1937 na Oktoba 1938. Na jina la Consociazione Turistica Italiana badala ya Touring Club Italiano linakuambia kitabu ni cha baina ya mwaka 1937 na mwisho wa vita.

Miongozo midogo ya ukumbusho, hasa ile ya picha zilizokunjwa kama kinanda cha mkono, mara nyingi haina mwaka kabisa. Hapo mji wenyewe ndio unaojibu. Roma isiyo na mnara mweupe wa kumbukumbu ya Vittorio Emanuele II ni ya kabla ya kuzinduliwa kwake mwaka 1911, au angalau picha zake ni za kabla. Kingo za mto Tiber zikiwa bado za udongo na nyumba zimeingia majini, picha imetangulia kuta za mawe zilizoanza kujengwa mwaka 1876. Ila kumbuka kwamba wachapishaji walirudia mabamba ya zamani katika matoleo mapya, kwa hiyo picha hukupa mwaka ambao kitabu hakiwezi kuutangulia, si mwaka kilipotoka. Matangazo ya biashara yaliyofungwa mwishoni mwa Murray nayo husaidia, kwani yalibadilishwa kila mwaka. Nakala yenye matangazo yake yote ni bora kuliko iliyosafishwa.

Hatua ya sita: nunua mahali panapojulikana

Mjini Roma kuna vibanda vya picha na vitabu vya kale katika uwanja wa Fontanella Borghese. Mjini Napoli mtaa wa Port'Alba una sifa ya muda mrefu ya wauza vitabu. Na mjini Arezzo soko la vitu vya kale, lililoanza mwaka 1968, hufanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi na Jumamosi inayoitangulia. Fika mapema, na chukua lenzi.

Wengi wetu tutanunua kwa mbali. Pendelea wauzaji walio katika chama chenye kanuni, kama ALAI cha Italia, ambacho ni mwanachama wa umoja wa kimataifa uitwao ILAB. Katalogi zao zina maneno machache ambayo ukiyajua unasoma ukurasa mzima. "Tavole fuori testo" ni picha zilizochapwa kwenye karatasi za pekee. "Brossura" ni jalada la karatasi. "Mezza pelle" ni mgongo wa ngozi na pande za karatasi. "Pergamena" ni ngozi nyembamba ya mnyama iliyonyooshwa. "Legatura coeva" ni jalada la wakati ule ule kitabu kilipochapwa. Upande wa kasoro, "fioriture" ni madoa ya kahawia, "gore" ni alama za maji, "tarlo" ni tundu la mdudu, na "mancante" au "mutilo" ni pungufu. Madoa ya kahawia nayavumilia. Tundu la mdudu pembezoni nalivumilia pia. Neno "mancante" likifuatwa na neno "pianta", yaani ramani ya mji, naachana na kitabu hata kiwe rahisi namna gani.

Kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 70 kinapotoka Italia huguswa na sheria ya mali ya utamaduni ya mwaka 2004. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, vitu vingi vyenye thamani chini ya euro 13,500 huhitaji tamko la mmiliki tu kwa ofisi ya usafirishaji, lakini miswada ya mkono na vitabu vya karne ya 15 haviingii katika nafuu hiyo. Mwache muuzaji ashughulikie karatasi hizo, nawe uzihifadhi pamoja na risiti. Forodha ya nchi yako nayo itataka risiti inayosema wazi kwamba ni kitabu cha kale.

Kuhusu wizi niseme wazi. Mwaka 2012 iligundulika kwamba maktaba ya kale ya Girolamini mjini Napoli ilikuwa imeporwa vitabu kwa wingi, na baadhi yake vilikwisha kufika minadani nje ya Italia. Kwa hiyo ukiona muhuri wa maktaba, uliza hati ya kuondolewa kitabu hicho. Ukiona mahali muhuri ulipokwanguliwa au ukurasa wa anwani ulipokatwa pembe, usinunue. Polisi wa Italia wa kulinda urithi wa utamaduni, Carabinieri TPC, wana hifadhidata ya vitu vilivyoibiwa ambayo sehemu yake inaweza kutazamwa na yeyote.

Hatua ya saba: vitunze katika hewa yetu

Vitabu hivi hupenda unyevu wa hewa wa karibu asilimia 50 na joto la kadiri. Anayeishi Mombasa, Unguja au Dar es Salaam anajua hewa yetu iko mbali na hapo, na unyevu ukipita asilimia 65 kwa muda mrefu ukungu huamka. Zilizo hatarini zaidi ni picha za karatasi ya kung'aa za mwanzoni mwa karne ya 20: zikilowa na kukauka zikiwa zimefungwa, hugandamana na haziachani tena. Ikitokea zimelowa, ziachanishe moja moja zikiwa bado majimaji, kabla hazijakauka.

Weka rafu mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, hasa katika nyumba za mawe ya matumbawe ambazo kuta zake huvuta maji. Vilivyo bora viweke katika sanduku linaloziba, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu na kipimo kidogo cha unyevu, kama wapiga picha wanavyotunza lenzi zao, na uvikaushe vifuko hivyo mara kwa mara. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana si salama, kwa kuwa kupanda na kushuka huko hukunja majalada ya ngozi. Kitabu kipya kinachoingia nyumbani kikae peke yake wiki kadhaa. Ukiona unga mbichi wa wadudu, kifunge katika mfuko wa plastiki uliobanwa vizuri, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha ukiache ndani ya mfuko huo huo mpaka kirudi kwenye joto la chumba ndipo ukifungue.

Usitumie selotepu kwenye ramani iliyochanika. Gundi yake hugeuka kahawia na kuingia ndani ya karatasi. Fundi hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao unaweza kutolewa baadaye kwa maji kidogo. Ukikosa fundi, iache ilivyo katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Na ramani ikunjue mara moja tu, uipige picha nzuri, kisha usome kwenye picha.

Hatua ya nane: andika daftari

Kwa kila kitabu andika mji, mwaka kama ulivyochapwa na kama ulivyouthibitisha, idadi ya picha na ramani zinazopaswa kuwepo na zilizopo, mahali ulipokinunua, bei, na majina au maandishi ya mkono yaliyomo. Usifute maandishi hayo. Mgeni aliyeandika kwa penseli pembeni mwa Baedeker kwamba kanisa fulani lilikuwa limefungwa kwa matengenezo na kwamba mlinzi alimfungulia baada ya kuombwa sana, ameongeza ukurasa ambao mchapishaji hakuwa nao.

Kisha tengeneza safu ya pili katika daftari hilo, nayo ni ya jengo moja moja. Chagua daraja, soko au mnara wa mji wako, na chini yake uorodheshe kila mwongozo ulio nao unasema nini juu yake na katika ukurasa upi. Kwa Ponte Santa Trinita ya Firenze, iliyolipuliwa mwaka 1944 na kurejeshwa kwa mawe yake mwaka 1958, safu yangu ina vitabu vitano, na mahali pa miaka ya 1945 hadi 1957 bado ni patupu. Mwongozo uliochapwa katika miaka hiyo kumi na mitatu ndio ninaoutafuta sasa.